Jiwe Linaoza

Walinipa elfu thelathini na wali wa mchana
nitafsiri mkutano pale Bahi, kwenye ghala la mpunga.
Mtaalamu alikuja na kisanduku kinacholia tik, tik,
kama nyenje aliyefungiwa ndani ya kiberiti.
Sentensi yake ya kwanza ilikuwa ndefu kama mabehewa ya mizigo
na katikati yake alipakia neno moja
ninalolijua tangu darasa la sita:
neno la jino,
lile jino jeusi kwenye bango la zahanati.

Nikasimama. Nikasema:
Anasema chini yenu kuna jiwe linaoza.

Ghala zima likacheka.
Mama Mele alicheka hadi khanga ikamdondoka begani.
"Linanuka?"
Halinuki.
"Lina funza? Limeota ukungu?"
Hapana.
"Basi halijaoza. Mwambie arudi shule."

Hilo sikulitafsiri.

Kwao neno ni moja tu, wanalivaa kama koti la mvua:
jino, mji, maadili, ukuta, mwangwi wa kengele.
Kwetu kila kitu kina kufa kwake.
Uji huchacha. Nyama huvunda. Yai huwa viza.
Mahindi hubunguliwa hadi gunia linabaki na vumbi na kelele.
Boriti huliwa na mchwa, ikasimama kwa mazoea.
Zabibu za Hombolo hudoda kwanza, ndipo zichache,
na zikichacha vizuri kuna watu wanalipia.
Mdogo wangu Yaledi aliwahi kuoza mzima mzima
kwa binti wa mpima mizani wa Kibaigwa,
akanenepa.

Basi nikatafuta. Kuchakaa? Jiwe si shati.
Kufifia? Kuyeyuka? Kupungua?
Watu wananitazama, kisanduku kinanihesabia.

Mtaalamu akaendelea, taratibu, kama anayemlisha mtoto:
jiwe hili ni mzazi,
likioza linamtoa binti,
binti naye ataoza, atamtoa binti wake.
Nikatafsiri neno kwa neno, nimechoka.

Hapo ndipo Chibago, aliyekuwa amesinzia juu ya magunia,
akainua kichwa.
"Linamwoza binti? Kwa nani?"
"Ng'ombe wangapi?" mwingine akadakia.
"Na mshenga ndiye huyu mwenye kisanduku?"

Nikajaribu kueleza kuwa ni kuoza kule, siyo kuoza huku.
Nikasema jiwe hili likae miaka bilioni nne na nusu,
ndipo nusu yake iwe imeoza.
"Ukoo usio na haraka na mahari," akasema Mama Mele.
Hata mtaalamu alicheka, bila kujua anacheka nini.

Kisha akauliza mtu wa nyuma, kijana, sikumwona uso:
"Na binti wa mwisho, asiyeoza tena, anaitwaje?"

Nikamuuliza. Akanijibu.
Lilikuwa neno jepesi, la kwanza siku hiyo
ambalo sikuhitaji kulitafuta:
Risasi.

Hakuna aliyecheka.
Nilitaka kusema ni madini, ile ya kulehemu, ile nzito ya kijivu,
lakini lugha ilikuwa imeshafika mbele yangu
na kuketi.

Mama Mele akajifunga khanga upya.
"Muulize," akasema, "na sisi tunaolima juu yake?"
Swali hilo nililitafsiri sawasawa.
Jibu lake lilikuwa refu, lenye adabu,
na nililipekua lote nisione kitenzi.

Jioni walinipa kambale wawili kwenye mfuko wa rambo.
Gari lilipofika Kigwe walishaanza kunuka.
Dereva akafungua dirisha, akanilaani kidogo.
Mimi nikaukumbatia ule mfuko:
hawa, angalau, walikuwa wanaoza
kwa lugha ninayoielewa.